Kikombe kimetoka kizima!

Jamani, leo hapa Nyalenda nimepiga kelele hadi jirani akachungulia.

Wiki iliyopita yote nilikuwa namimina uji wa udongo kwenye kalibu ya plasta, na kila nikifungua nakuta matope tu.
Kumbe ni hii mvua ya Kisumu. Plasta ikishalowa hainywi maji tena, na kazi yake yote ni kuyanywa.

Basi nikaianika kalibu siku 3. Uji nao sikuuongezea maji. Niliutilia matone machache ya sodiamu siliketi, ukawa mwepesi wenyewe. (Mama, ambaye hufinyanga vyungu kwa mkono, anaiita dawa hiyo uchawi.)

Leo nikamimina, nikangoja dakika 20, nikamwaga uliobaki. Ukuta mwembamba ukabaki umeng'ang'ania plasta.

Halafu ule mng'ao wa maji ukafifia polepole, na baadaye ufa mwembamba kama unywele ukatokea kati ya udongo na kalibu.
Umesinyaa, umejiachia wenyewe!
Nilikaa nikiutazama ule ufa tu, hadi chai ikapoa.

Tanuri bado, najua. Na kishikio kimekaa upande.

Nyie wa karibu na ziwa, kalibu zenu mnazikaushia wapi msimu huu?