Nilivyoacha kupanga safari za watoto kama mkutano wa wizara

Matembezi yetu ya kwanza ya familia niliyaandikia ratiba. Saa 3 asubuhi makumbusho, saa 6 bustani ya wanyama, saa 9 bwawa la kuogelea, saa 12 jioni nyumbani. Nikaibandika kwenye friji na kujiona baba wa maana. Mke wangu aliisoma huku amembeba mtoto, akaguna. Ipo miguno ambayo mume mwenye akili huiulizia. Mimi sikuuliza.

Makumbusho tulifika saa 4 na nusu, maana kuwavalisha viatu watoto watatu ni kazi inayojitegemea. Kitinda mimba wetu, ambaye hata miaka 2 hajatimiza, alisinzia getini mwa bustani ya wanyama, tukampitisha mbele ya twiga akiwa amelala fofofo. Akaja kuamka bwawani, na kilio chake kilianza tulipovua nguo kikaisha tulipozivaa. Wa kati, mwenye miaka 6, alitapika garini wakati wa kurudi. Usiku, nikitafuta faraja, nikawauliza ni kitu gani kimewafurahisha zaidi.

"Baba, wale vyura wa kwenye mtaro, pale tulipopaki gari," akajibu wa kati. Kifungua mimba, miaka 9, akaunga mkono hoja.

Viingilio vitatu nimelipa, mshindi mtaro.

Nilinuna siku mbili. Baadaye nikaukumbuka vizuri ule mtaro. Walikaa pale karibu nusu saa kwa sababu nilikuwa napekua gari nikitafuta tikiti. Kwa siku nzima, ule ndio muda pekee ambao hakuna mtu aliyewaambia "twende, twende".

Safari iliyofuata sikuanza na mahali pa kwenda. Nilianza na usingizi wa kitinda mimba. Kwa wiki nzima niliandika analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, nikaona kwamba mchana lazima alale kuanzia kama saa 7 hadi saa 9, na akikosa, jioni yetu sote imekwisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, wa mchana ukiwemo. Mimi nilikuwa nimeufuta wa mchana kwa kalamu, nikamshangaa mtoto kulia.

Basi siku yetu ya matembezi sasa ina kitu kimoja tu, na kitu hicho kiko asubuhi. Tunafika milango inapofunguliwa, watu wakiwa wachache na watoto wakiwa na nguvu, na saa 6 tunaondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo penye kazi. Kuna sauti ndani ya mzazi inayosema "lakini tumeshalipia", na sauti hiyo imeharibu mchana mwingi kuliko mvua. Nimejizoeza kuondoka wakati bado wanataka kubaki. Wanalalamika kidogo, halafu njia nzima wanasimuliana walichoona. Zamani tuliondoka wakiwa wamechoka hoi, na njia nzima ilikuwa ngumi kiti cha nyuma.

Kuhusu kutapika, nilikuja kugundua kuwa kosa lilikuwa langu. Nilimpa simu achezee ili atulie. Kichefuchefu cha safari huja pale sikio la ndani, linalopima mwendo na mizani ya mwili, linaposema tunakwenda, huku macho yaliyokodolea kioo cha simu yakisema tumekaa tu. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Siku hizi simu imepigwa marufuku garini, dirisha linafunguliwa kidogo, anakula chakula chepesi kabla ya kuondoka, na tunacheza mchezo wa kutafuta vitu vya mbali: nani kaona mlima, nani kaona mnara. Mifuko ya plastiki bado ninabeba. Imani ni kitu kizuri, lakini viti vya gari ni vigumu kusafisha.

Pia tunasimama. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unashauri mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa 1 mfululizo, iwe kwenye kigari au mgongoni kwa mzazi, nami nimeuhamishia kwenye safari. Nikisimama mapema, nusu saa kabla kilio hakijaanza, nakwenda mwendo mrefu zaidi bila vurugu. Zamani nilisubiri kilio ndiyo nisimame.

Jambo moja sitalifanyia mzaha: maji. Siku ile bwawani, nilipokuwa nambembeleza mdogo, wa kati alikuwa majini na maboya ya mikononi, na nilihesabu kwamba hiyo inatosha. Haitoshi. Maboya ya kujaza hewa ni ya kuchezea, huweza kuchomoka mikononi au kuisha upepo, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Sasa tuna zamu ya kutamka kwa mdomo. Mke wangu husema "zamu yako", mimi najibu "yangu", na mwenye zamu hashiki simu wala hachangamkii mtu. Kwa asiyejua kuogelea, aliye zamu anakaa umbali wa mkono. Na bwawa, ambalo ndilo pekee lisilo la asubuhi, tumelihamishia baada ya saa 10 jioni, kwa kuwa jua linaunguza zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10, na kwa bahati nzuri huo ndio wakati ambao mdogo keshaamka, hana kinyongo na mtu.

Penye umati naandika namba yangu ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu ya wino, na asubuhi kabla ya kutoka nawapiga picha. Kumbukumbu ni nzuri, ila sababu halisi ni kwamba ukiulizwa ghafla "mwanao kavaa nini?" akili inaweza kugoma.

Baada ya miezi kadhaa tukathubutu kulala nje, usiku wawili. Hapo nilijifunza kwamba katika usiku wawili, siku ya kweli ni moja tu, ile ya katikati. Ya kwanza huishia kwenye kufika na kuzoea vitanda, ya mwisho kwenye kutafuta soksi. Kwa hiyo ile ya kwanza hatupangi chochote. Nguo za kulalia na shuka la kitinda mimba, analonusa hadi apitiwe na usingizi, vinapakiwa juu kabisa ya mzigo, wala hatuvifui kabla ya safari. Harufu ya nyumbani ndiyo dawa yenyewe. Na tunapochagua pa kulala, swali langu la kwanza mapokezi ni kama chumba kina giza mchana. Wananiangalia vibaya. Wangejua.

Wiki hii tunajiandaa tena. Ratiba iko kwenye friji palepale pa zamani, safari hii kwa mwandiko wa kifungua mimba: "Jumamosi: vyura." Chini yake mke wangu ameongeza: "Halafu kulala."