Vayoleti ya Usambara kunywa kwa utambi

Kila aliyeiona vayoleti yangu, ua la chunguni, imelegea alitoa dawa ileile: maji. Mwagilia kila asubuhi, mwagilia na jioni. Maji hayohayo ndiyo yaliyoiua. Jani la vayoleti hulegea likikosa maji, na hulegea vilevile mizizi ikishaoza. Tia kidole udongoni kwanza: kama una unyevu na jani bado limelala, usiongeze hata tone.

La kuchekesha, mmea wenyewe ni wa kwetu. Kwao ni misitu ya Usambara, kwenye nyufa za miamba, penye kivuli na ubaridi. Wajerumani waliupeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia. Mimi, fundi, nikaushindilia udongo mweusi na samadi kwenye chungu cha sentimita 25, tena Dar es Salaam. Chungu kikubwa hubaki na maji ambayo mizizi midogo haiwezi kuyamaliza. Haukupita mwezi, kitovu, pale katikati majani yanapochipukia, kikawa cha kahawia na utelezi kama bamia.

Nikaokoa jani moja la mzunguko wa kati. Ya chini kabisa yameshazeeka. Kikonyo nilikikata kwa mshazari kwa wembe mpya, nikabakiza sentimita 3, nikachomeka nusu yake kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa maji manne. Usipoyaosha, chumvi yake huunguza mizizi michanga. Juu nikafunika chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo nimekitoa. Miche ilichungulia katika mwezi wa tatu tangu nichomeke.

Kilichonitoa kwenye kubahatisha ni utambi, uzi unaovuta maji kutoka kopo la chini hadi kwenye udongo. Uzi wa nailoni, si pamba, maana pamba huoza. Kata sentimita 20, uloweshe kwanza (mkavu hauvuti maji, hapa nilipoteza wiki nzima nikijiuliza), upitishe tundu la chini ya chungu na uuzungushe mara moja ndani. Chungu chenyewe kiwe cha sentimita 8 hadi 10, kikae juu ya kopo la majarini lenye maji na mfuniko uliotobolewa, utambi uning'inie majini, kitako kisiguse maji. Udongo wa kawaida hapa haufai, utalowa chapachapa. Changanya nusu makumbi, nusu perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliochomwa. Hiyo perlaiti ilinila hela kuliko mmea.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Ukingo wa chungu uliota ukoko mweupe, na vikonyo vilivyoulalia vikaoza palepale. Sasa nakinga ya mvua, na mara moja kwa mwezi napitisha maji mengi kutoka juu, pembeni, yasiguse kitovu. Mbolea ya maji nazimua hadi robo ya kipimo cha kwenye pakiti.

Dirisha liwe la mashariki. Vikonyo vikirefuka na kusimama, kuna giza. Majani ya katikati yakibanana na kupauka, mwanga umezidi.

Na kama majani ni mengi lakini maua hakuna, chunguza makwapa ya majani, pale kikonyo kinapoungana na shina. Kitakachokuwa shina la maua huja na vijani viwili vidogo tu. Ukihesabu vinne, hicho ni chipukizi, kinanyonya bure. Mimi hukifukua kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino.