Aliniomba niiinue

Tangu Jumamosi sauti ya yule kijana haijanitoka. Amos wetu amepata uhamisho wa Nakuru, upepo umeng'oa bati la jikoni, lakini ninachowaza ni picha moja ya Dani.

Mnajua nilivyokubali shingo upande kutoa alama za jioni ya studio, pale klabu ya kamera Kisumu. Picha 23, na aliyeketi ni mmoja: Dani, nyanya ya yule kijana, muuza samaki wa Dunga.

Nyingi nilizipitia upesi. Tatu zilikuwa na utepe mweusi ukingoni: kasi ya shata, yaani pazia la kamera, ilikuwa 1/500 ya sekunde, ilhali flashi za studio kwa kawaida zinataka 1/200 au chini yake, la sivyo pazia limeshaanza kujifunga flashi inapowaka. Sita zilikuwa giza. Chumba kikiwa na giza, kioo cha kamera hung'aa kuliko kawaida. Unaridhika, kumbe umepungukiwa stopu nzima, yaani nuru ni nusu tu ya inayotakiwa. Tazameni histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye kamera, jamani. Moja ilipigwa kwa karibu na tundu la lenzi wazi mno, f/1.8, pua kali kama wembe na macho ukungu.

Kisha ikaja ya yule kijana. Ngozi nyeusi tii, mng'ao mpana na laini kutoka paji hadi shavuni: sofboksi kubwa, lile boksi la kitambaa la kulainisha nuru ya taa, mita moja hivi kutoka usoni. Hapo ndipo wengi huanguka. Uso mweusi huchongwa na mng'ao zaidi kuliko kivuli, na taa ndogo ya mbali hugeuza kila tone la jasho kuwa nukta nyeupe. Yeye alimpangusa Dani kwa tishu, bila kumpaka poda hadi akafanana na ukuta. Lakini macho! Mashimo mawili. Taa ilikuwa juu mno, paji likayafunika, hakuna chembe ya nuru kwenye mboni.

Nikasema, "Macho yamekufa. Ungeshusha taa sentimita 30."

Akajibu polepole, "Mwalimu, Dani ametolewa mtoto wa jicho mwezi jana. Aliniomba niiinue."

Nikampa 6 kwa 10, nikaita picha inayofuata.

Aliniomba niiinue. Naisikia nikiosha vyombo, naisikia kwenye matatu.

Jana usiku ndipo kitu kikafunguka. Huenda kilichomkera zaidi ni ile balbu inayowaka muda wote ndani ya flashi ili uone kivuli kinaangukia wapi. Ukishapanga, izime. Taa iache huko huko juu, kisha mwekee Dani mapajani kadi nyeupe, sentimita 60 kwa 90, nje kidogo ya fremu. Nuru itadunda, ipenye chini ya paji, iache nukta ndogo upande wa chini wa mboni. Ila kadi usiisogeze karibu sana na kidevu. Chini pakishinda juu, mtu anakuwa kama anayesimulia hadithi za majini kwa kurunzi. Nilimjaribu Mama Toni sebuleni na macho yakafufuka mara ya tatu. Nilicheka peke yangu!

Alama haibadiliki, matokeo yameshatoka. Nimemtumia kijana mchoro. Amejibu kwa dole gumba, basi. Dole gumba la asante, au la "nimesikia, niache"?

Na fundi wa bati alisema Alhamisi. Leo Ijumaa, na mawingu ya huko ziwani siyapendi.