Mtu wa Pwani akienda Lenana aongeze siku

Wenzangu wa Mombasa mnaopanga Mlima Kenya, tafadhalini ongezeni siku, mwili upate kuzoea hewa ya juu. Zile safari za harakaharaka huenda zikawafaa watu wa Nairobi, wao kila siku walala karibu mita 1,700, sie tuko hapa usawa wa bahari, na kule kilele cha Lenana tunachopanda ni mita 4,985, kila pumzi unayovuta ina oksijeni karibu nusu tu ya ile ya hapa ufukweni Mama Ngina.

Tulipitia njia ya Sirimon upande wa Nanyuki. Kambi ya Old Moses, mita 3,300, tukakaa siku nzima ya ziada, mchana twapanda kidogo alafu twarudi kulala chini. Waliotupita pale wakiwa na haraka, baadhi yao tulikuja kukutana nao wanateremshwa, kichwa chawapasuka na wanatapika. Na si udhaifu jamani, kijana wa mazoezi hushikwa na ugonjwa huu wa kimo, mzee akapita salama. Ukiona mtu anayumba, au anahema hata akiwa ameketi, dawa ni kumshusha, hata kama ni usiku.

Mwezi wa 11 ni vuli kwa hivo mvua twaipata, na huko juu yageuka theluji. Bonde la Mackinder lilikuwa tope tupu lakini wallahi lapendeza! Kuna lobelia fulani ya chini chini, majani yake yamejipanga duara yakashika maji katikati, usiku yanajifunga kukinga kile kichipukizi kisigande, asubuhi niliinama nikaona kabarafu kembamba juu ya yale maji na majani ndo yanaanza kufunguka, nikakaa pale mpaka kiongozi wetu akaniita.

Kutoka kambi ya Shipton's, mita 4,200, tuliondoka saa tisa usiku na matochi ya kichwa. Tende zangu za soko la Marikiti zilikuwa ngumu kama mawe mfukoni, nikawa nazimung'unya polepole na ndizo zilizonipandisha. Karibu na kilele kuna vyuma vimepigiliwa kwenye mwamba, washika huku mikono imekufa ganzi, alafu ghafla hakuna pa kupanda tena, jua lachomoza na Batian, kile kilele kirefu kuliko vyote, iko mbele yako. Nililia, mashaallah. Chini yake ile barafu ya Lewis imebaki vipande tu na yazidi kuyeyuka, kwa hivo anayetaka kuiona asingoje miaka.

Jaketi nzito na slipingi begi kodini Nanyuki, hapa madukani nilizunguka sikuona za baridi ile.