Siku nzima na Datsun 620 ya mwaka 1973

Saa 12:15 asubuhi

Injini imepoa kabisa tangu jana, kwa hiyo naanza na tapeti, yaani kupima nafasi ndogo ya valvu, kabla sijagusa kitu kingine. Pikapu yangu ni Datsun 620 ya mwaka 1973. Aina hii ilianza kutengenezwa 1972 ikaendelea hadi 1979, na hii yangu bado ina injini ya L16: silinda nne, sentimita za ujazo 1595, kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko juu na inazungushwa kwa cheni.

Naipenda injini hii kwa sababu haifichi kitu. Ukitoa kifuniko cha juu, kamu (vinundu vya kamshafti) na roka (vyuma vinavyosukuma valvu) zote ziko mbele ya macho yako. Naizungusha taratibu kwa spana kwenye bolti ya krenki hadi pua ya kamu itazame juu, kisha napitisha fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) kati ya kamu na roka. Injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza hewa zinataka milimita 0.20 na za kutoa moshi 0.25. Ikiwa ya moto ni 0.25 na 0.30. Ukipima kwenye moto kwa namba za baridi, umebana mno. Valvu ya moshi iliyobana haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kwenye kiti hicho ndipo inapotolea joto. Ikikosa pa kutolea, inaungua ukingo. Kelele ndogo ya tapeti haijaua injini. Ukimya wa valvu iliyobana ndio wa kuogopa. Nafuata mpangilio wa kuwaka, 1-3-4-2, silinda moja baada ya nyingine.

Kwa anayekusudia kufungua kichwa cha L16, jambo moja: kabla hujatoa gia ya kamu, shindilia kabari ya mbao katikati ya pande mbili za cheni, ishuke hadi ibane. Bila kabari hiyo tenshena (kifaa kinachokaza cheni) inasukuma pistoni yake nje, na kuirudisha ni mpaka ufungue kifuniko chote cha mbele.

Saa 1:40 asubuhi

Nafunga kifuniko, natoa betri, nalizunguka gari mara moja. Bodi la nyuma limeshashushwa, tenki la petroli limeshatoka na limehifadhiwa mbali na hapa, kwa sababu leo kuna moto.

Nina sheria moja kwenye kazi hii na kila uamuzi wa leo unapita hapo. Kilichoharibika nakirudisha kilivyokuwa. Ninachobadilisha ili gari lifae barabara za sasa, nakibadilisha kwa namna ambayo mtu mwingine, miaka ijayo, anaweza kukirudisha kwa spana tu, bila grainda. 620 zilizobaki si nyingi. Mstari ule uliotuna ubavuni, unaotoka mbele hadi mwisho wa bodi, hauuzwi dukani ukishaukata. Mtu akitaka kupanua matao ya magurudumu ni uamuzi wake, lakini mimi chuma cha kiwandani sikikati ili kipachike kitu kipya. Nakata kutu peke yake.

Saa 2:00 asubuhi

Kutu yenyewe iko kwenye sakafu ya dereva, kona ya mbele chini ya pedali. Kwa juu ilionekana tundu dogo tu. Nilipobandua lami ya kuzuia kelele, chuma kinachozunguka tundu kilikuwa kimekonda, ukikigonga kwa ncha ya nyundo kinabonyea. Hapa ndipo watu wengi hupaka puti na fiba, wakamaliza kazi kwa mchana mmoja. Chini yake kutu inaendelea kula, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu sasa unyevu umefungiwa ndani.

Nakata hadi nifike kwenye chuma kinachong'aa na chenye unene wake. Kiraka kinakuwa kikubwa mara kadhaa kuliko tundu, na ndivyo inavyotakiwa. Natengeneza kwanza kiolezo cha boksi gumu la karatasi, nakikunja hadi kikae, halafu ndipo nahamishia kwenye bati la milimita 1. Bati la mabati silitumii sehemu ya kuchomelea, maana zinki ikiungua inatoa moshi unaomlaza mtu na homa. Mifereji iliyonyanyuliwa sakafuni naichonga upya juu ya gogo kwa nyundo na kipande cha chuma duara. Ile mifereji ndiyo inayoipa sakafu ugumu. Sakafu bapa inatetema na kupiga kelele.

Kiraka kinakaa ukingo kwa ukingo na chuma cha zamani. Kukipandisha juu ni rahisi zaidi kuchomelea, ila kati ya mabati mawili yaliyolaliana maji huingia na hayatoki.

Mashine ya kuchomelea ni ya gesi, mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi, waya wa milimita 0.6. Siburuti mstari mrefu hata siku moja. Naweka doa hapa, naruka upande wa pili naweka jingine, kisha kona, kisha katikati. Kati ya doa na doa napapasa kwa mkono: nikishindwa kuuacha mkono pale, nasubiri. Bati jembamba likipata joto mahali pamoja linavutika na kujikunja, na ukishalikunja hivyo utashinda wiki nzima unalinyoosha. Silimwagii maji lipoe haraka pia, kwa sababu nayo hulipinda.

Kazi hii inachukua asubuhi karibu yote na siioni kuwa imenipotezea muda. Ninapofika kwenye doa la mwisho, madoa yameungana yenyewe na kuwa mstari. Nasaga juu kwa diski laini, kwa uangalifu, nisile chuma cha pembeni. Tundu la kutolea maji lililokuwa kwenye sakafu ya zamani nimelitoboa tena mahali palepale. Nimeona sakafu nyingi zilizotengenezwa vizuri ambazo tundu hilo limezibwa, na maji ya mvua yanabaki ndani ya kebini.

Ndoo ya maji na kizima moto viko mkononi muda wote, na nikimaliza kuchomelea sitoki. Nabaki nikitazama upande wa chini kwa zaidi ya nusu saa. Cheche iliyojificha kwenye uchafu wa zamani haiwaki mara moja.

Saa 6:30 mchana

Praima ya epoksi kwa brashi, juu na chini, na ikishakauka, silanti ya kuzuia maji kwenye maungio. Rangi ya kumalizia sitaipuliza nyumbani. Rangi za kuchanganya na hadena zina isosaianeti, kemikali hatari kwa mapafu, na barakoa ya kawaida ya kichujio haitoshi kwa kazi ya kutwa, inatakiwa ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Kazi hiyo nitawaachia wenye chumba cha rangi.

Saa 7:45 mchana

Breki. Hili ndilo badiliko ninalolipigania kuliko yote. Pikapu hii ilitoka kiwandani na drum (breki ya ngoma, ambayo vishu huibana kutoka ndani) magurudumu yote manne. Ukiwa kwenye mteremko mrefu, drum hupata joto, hupanuka na kuuhama mshiko wa vishu, na pedali inaanza kuzama. Diski iko wazi kwenye upepo, inapoa. Datsun wenyewe walilijua hilo, 620 za 1978 zilizouzwa Marekani zilikuja na diski mbele. Kwa hiyo sioni kama naliharibu gari, nalipa tu kile ambacho ndugu zake wadogo walikipata.

Kabla ya kufungua drum nanyunyiza maji. Vishu vya miaka ile mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake halifai kupulizwa kwa kompresa wala kupanguswa kwa brashi kavu. Nalowesha, nafuta kwa kitambaa, kitambaa kinaingia kwenye mfuko unaofungwa. Nasisitiza hili kwa sababu kupuliza drum kwa hewa ni mazoea ya gereji nyingi, na ugonjwa wa asbesto hukaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kujitokeza.

Bamba la kushikia kalipa (kifaa kinachobana diski kwa pedi) linafungwa kwenye bolti zilezile zilizokuwa zimeshika sahani ya nyuma ya drum. Hakuna kutoboa. Beringi za habu napaka grisi mpya hadi iingie ndani kabisa, sio kupakwa kwa nje tu. Nakaza nati huku nazungusha habu ili beringi zikae, naiachia, kisha nakaza kidogo tu hadi mtikisiko uishe, na pini mpya. Halafu navalisha gurudumu tupu na kulizungusha kwa mkono, nikisikiliza kama rimu inagusa kalipa. Haigusi.

Ndani ya master silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) kuna kitu kidogo ambacho wanaobadili breki hukisahau. Upande wa drum una valvu inayobakiza presha kidogo kwenye paipu ili mipira ya silinda za magurudumu ikae imebana. Ukiiacha kwenye laini ya diski, presha hiyo inaziegemeza pedi kwenye diski muda wote. Gari linakuwa zito, diski zinachemka, na mwenye gari anaanza kuilaumu kalipa. Naitoa upande wa mbele, naiacha ya nyuma.

Nyuma nako kuna hesabu yake. Pikapu tupu ni nyepesi mkiani, na ukikanyaga breki uzito wote unahamia mbele. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya mbele, mkia unakuja kukupita. Nimeweka valvu ya kurekebisha presha kwenye laini ya nyuma. Itapimwa kwenye uwanja mtupu kwa mwendo mdogo kabla gari halijaona barabara.

Paipu zote ni mpya, za mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazishiki kutu kama zile za chuma. Drum, vishu na sahani zake nimevipaka mafuta, nimevifunga na kuviandika jina, vimepanda rafu ya juu.

Saa 10:30 jioni

Binti yangu amerudi, na kutoa hewa kwenye breki kunataka watu wawili. Anakaa kwenye kiti cha dereva, mimi niko chini.

"Baba, nikanyage?"

"Kanyaga. Shikilia, usiachie."

Nafungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa), mafuta yanatoka na mapovu kupitia mpira unaozama kwenye chupa, nafunga.

"Sasa achia."

Tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda, tunasogea karibu. Yeye ndiye anayeangalia kopo la mafuta lisikauke, na hajaliacha likauke. Tunatumia mafuta ya daraja la DOT 4. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa: DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani hairudi kwenye gari langu. Pia hula rangi, na tone lililoanguka kwenye fenda tunaliosha kwa maji papo hapo.

Anasema pedali sasa "inasimama". Naingia kuikanyaga mwenyewe na kweli ni ngumu na iko juu.

Aliniuliza kwa nini nisiweke kwanza injini kubwa. Zipo njia: L20B ya sentimita za ujazo 1952 ni ya ukoo uleule wa L, bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu, na siku moja huenda ikaingia. Nilimjibu kwamba gari linatakiwa kujua kusimama kabla ya kufundishwa kukimbia.

Saa 1:10 usiku

Giza limeingia, ni wakati mzuri wa kazi ya taa. Kwenye waya za zamani, umeme wa taa kubwa unapita ndani ya kebini, kwenye swichi, kisha unarudi mbele. Balbu mbili za H4 kwenye taa kali ni wati 120, yaani kama ampea 10, kwenye viunganishi vya umri wa nusu karne. Narudisha betri na kupima taa zikiwaka: kwenye betri volti 12.3, kwenye balbu 10.9. Balbu ya namna hii volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Watu wananunua balbu kali zaidi kumbe wanazidi kuichosha swichi.

Naweka rilei mbili (swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo), moja ya taa kali na moja ya taa za chini, kwenye bamba lililofungwa kwa bolti iliyokuwapo. Pini ya rilei namba 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. 87 inakwenda kwenye taa. 85 na 86 ni za koili, zinachomekwa kwenye soketi ileile ya kiwandani, ili swichi ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Hakuna waya wa kiwandani uliokatwa. Waya wa kurudishia umeme nao ni mpya, umefungwa kwenye chuma kilichosagwa rangi, kwa kuwa nusu ya hasara mara nyingi iko upande huo ambao hakuna anayeupima.

Napima tena: kwenye balbu 11.9.

Saa 2:40 usiku

Naandika kwenye daftari kilichobaki. Silanti ya sakafu ikaguliwe kwa maji kabla zulia halijarudi. Tenki lioshwe na kuchunguzwa ndani kwa kutu. Tosheni baa za mbele (vyuma vinavyojipinda kama springi) nilizishusha kidogo ili gari lilale sawa, na ukigusa urefu wa mbele umegusa pia mwelekeo wa magurudumu, kwa hiyo alaimenti (kunyoosha mwelekeo huo) ije kabla ya jaribio la breki uwanjani, maana gari linalovuta upande mmoja litanidanganya kuhusu kalipa. Mpangilio huo naupigia mstari, kisha natoa tena betri.