Siku moja maishani mwangu: motokari inayotetemeka asubui, hapa Lubumbashi

Saa 11 na nusu asubui. Ni mwezi wa 7, baridi ya Lubumbashi mnaijua, nafika garaji ku Katuba na makoti mawili na vidole bado vinakataa kushika spana. Ila hii baridi ndiyo nilikuwa naingoja. Motokari ya mama mmoja mwalimu imelala hapa tangu jana mangaribi na nilimwambia sentineli, mlinzi wetu, mtu asiguse kontakti, pale pa kuwashia na funguo. Watu wananiletea motokari saa 4, wameshaiendesha toka nyumbani, moteri imeshapata moto, wanasema fundi sikiliza, nasikiliza, inaimba muzuri kabisa, sasa nitashika nini hapo? Ugonjwa wa asubui unautafuta asubui.

Huyu mama alishalipa buji 4 mpya, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, na bobini moja ya kuzipa umeme, kwenye garaji nyingine na bado inatetemeka. Inaniuma kweli, franka ya mwalimu si ya kubahatisha.

Saa 12 kasoro. Siwashi. Naweka kontakti tu, naunga skaneri, mashine ya kusoma kompyuta ya motokari, nasoma namba mbili. Moteri iliyolala nje usiku kucha, joto la maji ya moteri na joto la hewa inayoingia lazima vikaribiane, juu ya vyote vimelala kwenye baridi moja. Skaneri inasema hewa digrii 9, maji digrii 76. Naweka mukono juu ya moteri: jiwe la mtoni!

Basi kompyuta ya motokari inadanganywa. Petroli kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo asubui kompyuta inatakiwa kuongeza petroli mpaka moteri ipate moto, na inajua baridi kupitia kapteri moja kadogo, kifaa cha kupima joto la maji. Kapteri ikisema maji ni moto, moteri inapewa petroli kidogo, ndiyo kutetemeka. Kiisha moto ukiingia kweli, uongo wa kapteri unakaribiana na ukweli, moteri inatulia, na fundi wa saa 4 anabadilisha buji.

Ila sikununua kapteri papo hapo, waya nazo zinaweza kudanganya. Nachomoa fishi, kichwa cha waya kinachoingia kwenye kapteri, skaneri inashuka mpaka digrii -40, maana yake waya hazigusani, uongo wa joto hautoki kwao. Napima kapteri yenyewe, inavyozuia umeme: om 340. Kwa baridi hii ingepaswa kupita 3000, kwa aina hii om zinapungua kadiri joto linavyopanda.

Saa 12 na robo narudisha fishi, nawasha. Inatetemeka, ralanti, mizunguko ya moteri bila kukanyaga gesi, inashuka mpaka karibu 500 kwa dakika, inataka kuzima. Kijana wangu anaona moshi mweupe nyuma anashtuka, yaya, si jwani ya kilasi hii, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya silinda? Namwambia hapana, huo ni mvuke wa baridi, uangalie unapotea haraka, hauna harufu ya utamu, na maji ya radiateri hayajapungua hata kidogo. Lakini alifanya vizuri kuuliza, juu ya maji yakivuja usiku ndani ya silinda nayo inatetemeka hivyo hivyo asubui.

Saa 3 naenda mjini kutafuta kapteri. Narudi naitia kwanza ndani ya kopo la maji baridi, napima, kiisha maji ya chai yaliyochemka, napima tena, om zinashuka kama inavyotakiwa. Saa 4 na nusu imefungwa, nimeongeza maji kidogo yaliyomwagika, nimetoa hewa iliyobaki ndani ya maji, nimefuta kodi za makosa ndani ya kompyuta. Nawasha mpaka feni inazunguka, nazima.

Mchana freno za taxi-bus moja, kiisha bukari (ugali) na samaki tomson, sina mengi ya kusema.

Saa 11 mangaribi mama anafika na madaftari mkononi.
— Fundi, imepona?
— Mama, kapteri niliibadilisha. Ila moteri bado ina moto kidogo, maji 29, hewa 21. Nikiwasha saa hii itaimba tu, na wewe hutajua kitu.
— Nirudi tena na taxi?
— Usiku mmoja tu, mama. Kesho saa 12 asubui ukuje, utawasha wewe mwenyewe.

Alinyamaza kidogo, akanipa funguo. Iko hapa kwenye mufuko wangu, na sentineli nimemwambia tena.