Mikanda ya rikabu ilivyonitesa Usa River

Neno nisilotaka kulisikia tena ni "utazoea". Nilipoanza usaisi, kazi ya kutunza farasi, huku Usa River karibu na Arusha, kila jioni nilirudi nyumbani ugoko umechubuka na paja lina alama nyekundu kama nimepigwa muhuri. Mzee wa bandani akanijibu hivyo hivyo: "Utazoea, kijana." Mke wangu akauliza kama farasi nampanda au napigana naye.

Tatizo lilikuwa mikanda inayoshika rikabu, kile chuma cha kukanyagia mguu ukiwa juu ya farasi. Ilikuwa minene, imekakamaa kama magamba, haijaona mafuta tangu inunuliwe.

Nikajifanya mjanja, nikaupeleka mmoja kwa fundi viatu Kilombero, sokoni Arusha. Akaugeuza, akacheka: "Kaka, suruali ya mkanda huu anavaa tembo?" Akanikatia jozi ya ngozi ya ng'ombe, matobo akapima kwa jicho. Elfu thelathini na kitu, ukiacha soda ya kijana wake. Siku ya kwanza nilitamba nayo bandani kama bwana harusi.

Wiki ya pili mguu wa kushoto ukaanza kuitafuta rikabu. Nikapandisha tobo moja. Baada ya siku chache, tena. Mgeni mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia kwa upole kwamba nimekaa upande kama gunia la mahindi kwenye baiskeli. Nikaivua mikanda, nikailaza sakafuni: wa kushoto ulimzidi mwenzake vidole viwili! Kumbe ngozi mpya huvutika, na sisi farasi tunampandia kushoto, kwa hiyo uzito wote wa kupanda unaning'inia upande huo. Siku hizi kila Jumapili nabadilisha, wa kushoto unaenda kulia. Na matobo yahesabu mwenyewe kabla ya kulipa, maana la tano la fundi wangu kwenye mkanda mmoja lilikuwa sawa na la nne na nusu kwenye mwenzake.

Jozi ninayotumia sasa niliinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama. Ni myembamba, nje ngozi laini, ndani ina utepe wa nailoni, haivutiki ovyo. Sikuinunua kwa macho. Niliukunja kila mkanda kwenye matobo kutafuta nyufa, nikavuta nyuzi pale kwenye chuma cha kufungia. Chuma hicho, ukishapata urefu, kisukume juu kabisa chini ya ubawa wa tandiko, kile kipande cha ngozi cha kukifunika. Kikibaki chini ya paja ndicho kinachopiga ule muhuri. Urefu wenyewe ni ncha za vidole kwenye chuma cha tandiko kinachobeba mkanda, rikabu ifike kwapani, mengine utarekebisha ukishapanda. Mkanda nao ulale bapa kwenye ugoko. Ukijipinda, ukingo wake unakata kama kisu.

Ile ya Kilombero sijaitupa. Mmoja unafunga geti. Ule mrefu mke wangu anafungia mbuzi.